Picha ya Kifua Kabla ya Kupasuliwa: Yatafuta Nini?



Juma hili twazungumza habari ya karatasi. Si cheti cha ubatizo wala cha ndoa, ambavyo ndivyo kazi yangu ya kila siku, bali ile karatasi ndogo wanayopewa wagonjwa wetu wanapopangiwa siku ya kupasuliwa. Wengi wenu mwaijua. Imeandikwa vitu vya kuja navyo: shuka, beseni, ndugu wa kutoa damu, majibu ya vipimo, na mara nyingine una mstari mmoja usemao "picha ya kifua". Mstari huo umeuza mbuzi wengi vijijini mwetu. Leo nataka tuutazame vizuri, kwa maana mimi mwenyewe nilikosa juu yake.

Mwezi wa Septemba mwaka 2022 alikuja dirishani kwangu mzee mmoja wa kigango cha mbali, mkulima wa mihogo, mtu wa Misa kila Jumapili ijapokuwa njia ni ndefu. Alikuwa na ngiri ya miaka mingi. Hatimaye wanawe walimshawishi, akaenda hospitali, akapangiwa kushonwa baada ya majuma matatu. Akanipa karatasi yake. "Mwalimu, nisomee," akasema. Huniita mwalimu kwa sababu nilisoma chuo cha ualimu, ingawa siku hizi nafundisha vitabu vya hesabu za parokia tu, navyo havijibu.

Nikamsomea yote mpaka mstari ule. Mashine ya eksirei ya hospitali ile ilikuwa imeharibika, kwa hiyo alitakiwa kwenda kupigiwa picha mjini. Maana yake nauli ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala, na malipo ya picha yenyewe. Mzee akanitazama. "Mwanangu," akasema, "kifua changu hakiumi. Ngiri iko huku chini. Picha ya kifua ya nini?"

Lilikuwa swali zuri kabisa. Nami nikamjibu kama karani: "Baba, agizo la hospitali ni agizo. Wao ndio wajuao."

Basi mzee akarudi nyumbani kutafuta fedha. Mbuzi wa kwanza aliuzwa kwa bei mbaya, akangoja mnada mwingine amwuze wa pili. Siku yake ya kupasuliwa ikapita. Mvua zikaanza, akasema ngoja kwanza tupande. Noeli ikaja. Usiku mmoja wa Januari 2023 ngiri ikakwama. Tumbo likavimba, akatapika usiku kucha, na alfajiri vijana wawili wakambeba kwa pikipiki, mmoja mbele na mmoja nyuma akimshikilia asianguke. Alipasuliwa siku ileile, katika hospitali ileile. Daktari alimwuliza maswali haraka haraka, akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akampima presha na damu, akampeleka chumba cha upasuaji. Picha ya kifua hakuna aliyeitaja. Utumbo uliobanwa ulikuwa umekwisha kufa kipande, wakakikata. Kushona ngiri kwa amani mgonjwa angaliweza kurudi nyumbani baada ya siku moja au mbili. Yeye alilala majuma mengi, na fedha za mbuzi wote wawili zikaishia humo.

Yu hai, tunamshukuru Mungu. Lakini nilipokwenda kumwangalia wodini sikuweza kumtazama machoni. Niliuliza wenye kujua, nikasoma nilivyoweza, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tujue picha hii ni kitu gani. Siku ya Ijumaa, tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg huko Ujerumani, profesa Wilhelm Conrad Röntgen alikuwa peke yake gizani akijaribu kupitisha umeme katika chupa iliyotolewa hewa. Chupa ilikuwa imefunikwa kwa karatasi nyeusi, walakini ubao uliopakwa dawa, uliokuwa kando kidogo, ukang'aa. Ni mwali gani huu upenyao karatasi? Hakuujua, akauita X, herufi ile ambayo wenye hesabu huiweka mahali pa kitu kisichojulikana. Tarehe 22 Desemba alimwita mkewe aweke mkono wake, na picha ikatoka ikionyesha mifupa ya vidole na pete ya ndoa juu yake. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, ya kwanza kutolewa duniani. Tena hakutaka kujiwekea haki ya kuufanyia biashara uvumbuzi wake, akauacha uwe wa watu wote. (Wapangao bei ya picha wangefanya vema kumkumbuka, lakini tuendelee.)

Picha ya eksirei ni kivuli. Mfupa huzuia mwali, ukatokea mweupe. Pafu limejaa hewa, mwali hupita, likatokea jeusi. Pafu likiwa na maji, au usaha, au uvimbe, au kovu, doa jeupe huonekana mahali ambapo pangalikuwa peusi. Moyo nao huonekana katikati, na daktari aweza kuona kama umetanuka kupita kiasi. Basi, ni hayo. Picha ya kifua haionyeshi presha, wala sukari, wala upungufu wa damu, wala kama utatapika ukipewa nusukaputi. Nawasikia watu wakisema, "Mimi nimepigwa picha, sina ugonjwa wowote." La, ndugu yangu. Umepigwa kivuli cha kifua siku moja, na kivuli kile hakikuwa na doa. Moyo waweza kuwa na ugonjwa mkubwa na kivuli chake kikawa safi.

Sasa, ilikuwaje watu wa ngiri, na wa busha, na wa mtoto wa jicho, wakaanza kupigwa picha za vifua? Sababu ilikuwapo, tena njema. Katika Ulaya ya zamani kifua kikuu kilikuwa kikiua watu wengi mno, na wengi waliokuwa nacho walitembea bila kujijua. Mwaka 1936 daktari wa Brazili, Manoel de Abreu, alitengeneza njia ya kupiga picha ndogo za kifua kwa gharama ndogo, na tangu hapo ikawezekana kupiga watu kwa maelfu. Katika mji wa Glasgow, Uskoti, mwaka 1957 walipiga watu zaidi ya 700,000 katika majuma matano tu. Hospitali nazo zikashika desturi ya kumpiga picha kila anayelazwa. Tena nyakati zile dawa kubwa ya usingizi ilikuwa etha, na etha huwasha njia ya pumzi. Mwenye kifua kibovu alipata taabu nayo.

Kisha mambo yakabadilika. Streptomaisini ilitangazwa mwaka 1944, isoniazidi ikaanza kutumika mwaka 1952, na kifua kikuu katika nchi zile kikapungua sana. Etha ikaacha mahali pake kwa dawa nyingine. Ngiri nyingi siku hizi hushonwa kwa sindano ya mgongoni, mgonjwa akiwa macho anasikia madaktari wakizungumza. Lakini desturi ya picha ikabaki. Ni kama njia ya mguu iliyozunguka mti mkubwa: mti huanguka, ukaoza, na watu huendelea kuzunguka palepale.

Waingereza ndio walioamua kuhesabu. Mwaka 1979 Chuo cha Kifalme cha madaktari wa eksirei cha huko kilitoa habari za wagonjwa 10,619 waliopasuliwa kwa magonjwa yasiyokuwa ya moyo wala ya mapafu, na yasiyokuwa ya dharura, katika vituo vinane. Kumbe kituo kimoja kiliwapiga picha wagonjwa kama 12 katika kila 100, na kingine 54 katika kila 100, kwa magonjwa ya namna moja. Yaani haukuwa ugonjwa ulioamua nani apigwe picha, bali mazoea ya nyumba. Nao hawakuona ushahidi kwamba picha hizo zilibadili uamuzi wa kupasua au wa dawa ya usingizi.

Mwaka 1993 madaktari wa Kanada walikusanya pamoja uchunguzi 21 wa namna hiyo kutoka nchi mbalimbali. Jumla ilikuwa picha 14,390. Fuatana nami polepole hapa, maana ni hesabu ya darasa la nne. Picha zenye kasoro fulani zilikuwa 1,444. Ni moja katika kila kumi, nawe wasema: loo, nyingi! Lakini karibu kasoro zote zilikuwa zinajulikana tayari, au zingalijulikana kwa kumwuliza mgonjwa na kumpima. Kasoro ambazo hazikutazamiwa zilikuwa 140. Na katika hizo, zilizowafanya madaktari wabadilishe jambo lolote katika matibabu zilikuwa 14. Kumi na nne katika elfu kumi na nne na zaidi. Jaza kanisa watu elfu moja siku ya Pasaka, wapige picha wote, wamalize mbuzi wa kijiji kizima, nawe utampata mtu mmoja ambaye kwa ajili yake daktari amegeuza jambo.

Najua wengine mtasema: Je, huyo mmoja si roho ya mtu? Bwana wetu hakuwaacha tisini na kenda kwa ajili ya kondoo mmoja? Hili nimelifikiri sana. Kwanza, kugeuza jambo si sawasawa na kuokoa. Mara nyingine ni kuahirisha siku tu. Pili, mchungaji wa Injili alikwenda kumtafuta kondoo aliyejua kwamba amepotea. Hakuwafunga kamba wote tisini na kenda akiwapeleka mjini kuwauliza kama wamepotea. Na tatu, wale wanaongoja picha huku ngiri yao yangoja kukwama, nao ni kondoo. Mzee wangu alikuwa mmoja wao, na mimi ndimi niliyemfunga kamba.

Kuna na hatari ya kivuli kisicho na maana. Kovu la zamani la nimonia, chuchu ya titi iliyotupa kivuli juu ya pafu, mgonjwa aliyetikisika: haya yote huweza kuonekana kama ugonjwa. Hapo mgonjwa huambiwa arudie picha, kisha aende hospitali kubwa apigwe picha ya aina nyingine yenye gharama mara nyingi zaidi, na miezi yapita akilala na hofu ya saratani, mwisho aambiwe hana kitu. Juu ya mionzi yenyewe nisikutie woga bure. Picha moja ya kifua yakupa mionzi kama ile uipatayo ardhini na angani kwa siku tatu hadi kumi za maisha ya kawaida. Hiyo si sababu ya kuikimbia. Ila mama mwenye mimba, au anayedhani huenda anayo, amwambie mpiga picha kabla hajasimama mbele ya mashine, hata kama mumewe bado hajaambiwa.

Kwa habari hizo, waandishi wa miongozo wamekwisha kusema. Taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, ijulikanayo kwa jina la NICE, ilisema mwaka 2016 kwamba watu wanaokwenda kupasuliwa kwa mpango wasipigwe picha ya kifua kwa desturi tu. Madaktari wa eksirei wa Marekani wenyewe, ambao picha ndizo shamba lao, walisema mwaka 2012 kwamba iepukwe kwa mgonjwa anayetembea, ambaye maswali na kumpima hakukuonyesha shida. Mkulima akikwambia usinunue mahindi yake, humwamini?

Sasa nafika mahali ambapo nilisimama muda mrefu, na ningetaka nawe usimame. Hesabu hizi ni za watu wa Ulaya na Amerika. Sisi je? Tanzania na Kenya zote mbili zilikuwamo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, orodha ya mwaka 2021 hadi 2025. Huku kwetu mtu aweza kuwa na kifua kikuu na ngiri pamoja. Je, si afadhali kila mmoja apigwe picha?

Nilimwuliza daktari mmoja swali hili, na jibu lake lilikuwa kunisimulia mgonjwa. Alikuwa mama wa makamo aliyekuja kutolewa uvimbe wa tumboni, na picha ya kifua hakuwa nayo. Mtoa dawa ya usingizi akamwuliza: "Mama, unakohoa?" Mama akajibu, "Sikohoi, mwanangu." Akauliza tena: "Usiku watokwa jasho? Umekonda?" "Hapana." Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, naye akainamisha kichwa. Yule mtoa dawa alikuwa mtu wa macho. Akamfuata binti nje, na binti akasema: "Mama anakohoa tangu mavuno. Anaogopa mkijua hamtampasua." Makohozi yakapimwa, na kifua kikuu kikaonekana. Akaanza dawa, uvimbe ukangoja kwa kuwa haukuwa wa haraka, na baadaye akapasuliwa salama. Tena wajukuu waliolala naye chumba kimoja wakapimwa.

Kilichomfichua mama yule ni swali, na binti mkweli. Picha ingeweza kuonyesha doa, ndiyo. Lakini doa peke yake halisemi ni ugonjwa gani; makohozi ndiyo husema. Na hapa Tanzania makohozi ya kifua kikuu hupimwa bila malipo, na dawa zake hutolewa bure. Basi mwenye kikohozi cha majuma mawili au zaidi, au atemaye damu, au anayekonda bila sababu, au anayelowa jasho usiku, asingoje kupangiwa upasuaji ndipo atafute habari za kifua chake. Aende kesho. Na likija gari la kupima kifua kikuu lenye mashine ya eksirei, mwende. Hiyo ni kazi nyingine, yenye swali lake, na picha huko ina faida. Ninachosema mimi ni juu ya picha isiyo na swali.

Maana iko picha yenye swali, na mtu asije akasema karani wa parokia amewakataza watu eksirei. Ukiwa wahema ukipanda kilima kidogo. Ukiwa miguu yavimba na huwezi kulala bila mito miwili. Ukiwa una ugonjwa wa moyo au wa mapafu unaojulikana. Ukiwa ulipata kuugua kifua kikuu na sasa kikohozi kimerudi. Ukiwa umegongwa kifuani katika ajali. Ukiwa wapasuliwa kifua chenyewe. Ukiwa una saratani na madaktari wataka kujua kama imefika mapafuni. Ukiwa daktari ameweka chombo chake cha kusikilizia mgongoni pako akakunja uso: hapo picha ni ya lazima. Mzee aliyepita miaka hamsini na anayepasuliwa sehemu ya juu ya tumbo, daktari aweza kuitaka pia, kwa sababu vidonda vya hapo huzuia kuvuta pumzi vizuri. Katika mambo hayo uza mbuzi, kopa katika jumuiya yenu, njoo hata kwa Padre. Na kama ulipata kupigwa picha miaka ya nyuma, nenda nayo, kwa sababu daktari akiiweka karibu na mpya hujua kovu lipi ni la kale. Nimeona nyumba moja wamezibia dirisha kwa picha ya kifua cha babu. Ikaushwe vumbi, ipelekwe hospitali.

Yapo mambo yasiyo na gharama ambayo hulinda kifua cha mpasuliwa kuliko picha. La kwanza ni kusema kweli unapoulizwa. Twajua kuungama kwa Padre, lakini kwa daktari twaficha: tumbaku twaficha, pombe twaficha, dawa za mizizi tulizokunywa jana twaficha. La pili ni sigara. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2020 kwamba anayeacha tumbaku majuma manne au zaidi kabla ya kupasuliwa hupunguza sana hatari ya matatizo baadaye. Majuma manne ni muda uleule ambao wengi hutumia kutafuta fedha za picha!

La tatu ni njaa. Ukiambiwa usile, usile. Na hili nawaambia hasa bibi zetu, kwa heshima zote. Mtoto apelekwaye kupasuliwa hulia njaa, na bibi kwa huruma humpa uji nyuma ya wodi, kisha amfuta mdomo. Tumbo likiwa na chakula, dawa ya usingizi humtapisha, na uji huingia mapafuni. Mtoto aweza kufa kwa kikombe kile. Bibi akimpa mtoto uji, shikamoo bibi, lakini akamwambie nesi upesi, nao wataahirisha bila kumgombeza. Hata wakimgombeza.

La nne ni baada ya kupasuliwa: kaa kitini, vuta pumzi ndefu, kohoa huku umeshikilia kidonda kwa mto, tembea mara wanapokuruhusu. Jamaa wengi hudhani kumpenda mgonjwa ni kumlaza kama maiti.

Sasa, karatasi ikiwa na mstari ule, ufanye nini? Usiikatae, wala usiichane, wala usiseme "gazetini imeandikwa". Daktari ndiye aliyekusikiliza kifua, siyo mimi. Uliza tu, kwa adabu, ukiwa bado mbele yake, maana ukishafika nyumbani wa kukujibu atakuwa karani: "Daktari, naomba unieleze, katika picha hii ya kifua mnatafuta nini kwangu? Nisipoipata, je, siku ya kupasuliwa itasogezwa?" Akikujibu, "Nimesikia sauti isiyo nzuri kwenye pafu lako la kulia," hilo ni jibu, nenda mjini. Akisema, "Ndiyo utaratibu wetu kwa wote," basi mwombe akupime tena kifua na aamue kwa ajili yako wewe. Sehemu nyingine utaratibu huo haupo mikononi mwake, umeandikwa na wakubwa, nawe utalazimika kuufuata. Hapo angalau uliza kama wanaweza kukupangia siku ya picha na siku ya kupasuliwa karibu karibu, usitumie nauli mara mbili, na uwaambie wazi fedha huna. Pengine kuna mtu wa ustawi wa jamii hospitalini ambaye kazi yake ndiyo hiyo. Na dalili za ngiri kukwama zijulikane na kila mtu nyumbani: uvimbe usiorudi ndani, maumivu makali, kutapika, tumbo kujaa. Hizo hazingoji asubuhi, wala picha, wala mnada.

Mwaka 2024 mzee wangu alitokewa na ngiri ya upande wa pili. Safari hii tulikwenda wote wawili. Karatasi ilikuwa ileile na mstari uleule. Nilitaka kusema mimi, lakini mzee akanigusa mkono, akamwuliza daktari mwenyewe, kwa maneno yaleyale aliyoniuliza mimi dirishani: "Mwanangu, kifua changu hakiumi. Picha ya kifua ya nini?" Daktari, kijana mdogo, akaweka kalamu chini. Akamwuliza kikohozi, jasho, kilima, mito, yote. Akamsikiliza mbele na nyuma, kwa muda mrefu. Kisha akaufuta mstari kwa kalamu, akaandika tarehe ya juma la tano.

"Mbona juma la tano, mwanangu, na siyo la pili?" mzee akauliza.

"Kwa sababu ya kiko kilicho mfukoni mwako, mzee wangu. Kianze kupumzika leo."

Mzee alinung'unika njia nzima mpaka nyumbani, kuliko alivyowahi kuwanung'unikia mbuzi. Lakini kiko alikiacha kwangu ofisini, na kimo ndani ya kabati la vitabu vya ubatizo mpaka leo, kwa maana baada ya kupona hakuja kukidai.